Kukaa juu ya plastiki si kuila

Dumu likifungwa kuwa boya na kukaa baharini wiki mbili tatu, ukilivuta linateleza mkononi. Ule utelezi ni kijiji kizima: bakteria, kuvu, mwani usioonekana kwa macho, na vijidudu vingine vinavyokuja kuwala hao waliotangulia. Mwaka 2013 watafiti Erik Zettler, Tracy Mincer na Linda Amaral-Zettler walieleza kwa kina maisha ya namna hii kwenye vipande vya plastiki vilivyookotwa Atlantiki ya Kaskazini, wakayapa jina la plastisfia. Kwenye hadubini waliona pia vishimo vidogo juu ya plastiki, vyenye umbo na ukubwa wa seli za bakteria.

Vishimo vile viliamsha matumaini makubwa, na mimi mwenyewe, nikiwa mtu wa mikrobiolojia, bado navitazama kwa hamu. Lakini tangu hapo kila baada ya miezi kadhaa natumiwa habari kwamba bakteria wa kula plastiki amepatikana, na swali linalofuata ni lile lile: kwa hiyo bahari itajisafisha yenyewe? Mimi huanzia nyuma kidogo ya hapo. Tumejuaje kwamba amekula?

Kwa kijidudu cha baharini, plastiki kwanza ni mahali pa kukaa. Bahari ya wazi ina chakula haba, na kile kidogo kilichomo hunata kwenye kitu chochote kigumu. Bakteria anaweza kuzaliana juu ya mfuko kwa miezi akila vitu vilivyonata hapo, mfuko wenyewe asiuguse. Tena plastiki ya dukani si plastiki tupu; ina vilainishi, rangi na kemikali nyingine, na baadhi ya hizo zinalika kirahisi. Ukiipima uzito ukakuta imepungua, huenda kilichopungua ni kilainishi tu, au ni kipande kilichomeguka na kubaki majini kikiwa kidogo zaidi. Na usipouosha vizuri ule utelezi kabla ya kupima, utakuta plastiki imeongezeka uzito!

Ushahidi ninaouamini ni wa kuifuata kaboni. Kaboni nyingi duniani ni kaboni-12. Takriban asilimia 1 tu ni kaboni-13, isotopu, yaani aina ya kaboni iliyo nzito kidogo. Sasa tengeneza plastiki kwa kaboni-13, ifungie kwenye chupa pamoja na kijidudu unachokishuku, kisha pima hewa ya ukaa inayotoka na mafuta yaliyo kwenye utando wa seli zake. Kaboni-13 ikijaa humo, imetoka kwenye plastiki, haina pengine pa kutoka.

Taasisi ya utafiti wa bahari ya Uholanzi, NIOZ, imefanya hivyo kwa umakini mkubwa kwenye polietilini, plastiki ya mifuko na madumu. Mwaka 2023 timu ya Maaike Goudriaan ilionyesha kwamba bakteria Rhodococcus ruber huigeuza polietilini kuwa hewa ya ukaa kwa kiasi cha asilimia 1 hivi kwa mwaka. Mwaka uliofuata timu ya Annika Vaksmaa ikaleta kuvu wa baharini, Parengyodontium album, aliyetolewa kwenye taka za plastiki za Pasifiki ya Kaskazini. Huyu alikwenda kwa asilimia 0.05 kwa siku. Ukizidisha kwa siku 365 unapata kama asilimia 18, na hesabu hiyo inavutia, ila ni ya maabara, na ina sharti: plastiki iwe imepigwa kwanza na miale ya urujuanimno, ile ile iliyomo kwenye jua. Isipopigwa, kuvu haifanyi kitu.

Hapo kwenye jua ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Polietilini ni mnyororo mrefu wa kaboni iliyoshikana na kaboni, maelfu kwa maelfu, na kimeng'enya, yaani protini ambayo kijidudu hutumia kukatia chakula chake, hakipati pa kuanzia. Jua likiupiga, mnyororo unakatika, oksijeni inajipenyeza kwenye sehemu zilizokatika, na vipande vinafupika hadi kufanana na mafuta ambayo bakteria wengi wa baharini wamezoea kuyala tangu kale. Kila aliyewahi kuacha mfuko juu ya bati anaujua mwisho wake: unapauka, unakakamaa, na ukiushika unapukutika vidoleni. Jua ndilo mpishi, kuvu ni mlaji.

Tatizo ni kwamba walaji wakishajaa, wanamzuia mpishi. Utelezi ukinenepa, mwanga haufiki vizuri kwenye plastiki. Baadaye makombe madogo na chaza nao wanang'ang'ania, mzigo unazidi, na kipande kilichokuwa kinaelea kinaanza kuzama. Huko chini hakuna miale ya jua kabisa, na kwenye kina kirefu maji yana nyuzijoto chache tu juu ya sifuri. Ukitaka kuona plastiki inayokosa jua inavyodumu, huhitaji manowari. Fukua mfuko ulionasa kwenye matope ya mikoko, uuoshe, na mara nyingi utasoma jina la duka bila shida.

Chupa za maji na soda zina habari nyingine. Zinatengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine, PET, na mnyororo wake una viungo vya esta ambavyo maji yakisaidiwa na kimeng'enya yanaweza kuvikata. Ndiyo maana ugunduzi wa Wajapani wa mwaka 2016, bakteria Ideonella sakaiensis, ulikuwa mkubwa kweli. Alipatikana Sakai, karibu na Osaka, kwenye eneo la kiwanda cha kuchakata chupa, yaani nchi kavu na si baharini. Ana vimeng'enya viwili, kimoja kinaikata PET na cha pili kinamalizia vipande, kisha anavila. Kwa nyuzijoto 30 alimaliza utando mwembamba wa PET laini kwa wiki sita hivi. Chupa halisi ni ngumu kuliko utando huo, kwa sababu molekuli zake zimevutwa na kujipanga kwa kubanana.

Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa wakafika mbali zaidi kwa kimeng'enya kingine, ambacho asili yake ni mboji ya majani, wakakiboresha hadi kikavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Joto lilikuwa nyuzi 72, na plastiki ilikuwa imesagwa na kulainishwa kwanza. Hiyo ni teknolojia ya kiwandani, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa chupa zilizokusanywa.

Wengine wananiuliza kwa nini tusiwaoteshe wadudu hawa kwa wingi tukawamwage baharini. Wakimwagwa watatawanyika, wataliwa na wengine, na watakosa naitrojeni na fosforasi za kujengea miili yao hata kaboni ikiwepo tele. Na tuseme wamefanikiwa: bakteria hajui lipi ni taka na lipi ni boya la mvuvi.

Kwa hiyo nikitazama hatua zilizozuia plastiki isifike majini, Zanzibar ilipoanza kupiga marufuku mifuko mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, naona kazi ambayo hakuna kuvu angeimaliza kwa kasi ile. Pia ningependa usafi wa fukwe zetu uanzie kwenye mstari wa maji kujaa, kila mara. Hapo plastiki inapata jua kali na oksijeni kwa pamoja, na kabla kijidudu chochote hakijala gramu moja, inakuwa imeshavunjika kuwa vipande visivyookoteka.

Ninachokitamani sasa ni vipimo vya kaboni-13 vifanyike kwenye maji yetu, yenye nyuzi 25 hadi 30 na jua la Ikweta. Takwimu za Uholanzi haziwezi kutuambia kuvu wa pwani ya Bagamoyo au Kilifi anakula kwa kasi gani, na sampuli zipo tele, zinateleza kwenye kila boya bandarini.