Gharama ya usiku mmoja: mtambo wa nyuklia na saa inayokula fedha

Wachumi wa umeme wana msemo wao: gharama ya usiku mmoja. Ni bei ya kujenga mtambo kana kwamba ulilala kiwanja kikiwa kitupu, ukaamka mashine zinazunguka. Zege, nondo, mabomba na mishahara, vyote vimo. Riba haimo, maana usiku mmoja hauzai riba.

Lakini mtambo wa nyuklia hujengwa kwa miaka, na hapo ndipo fedha zinapoyeyukia. Chukua mkopo wa dola bilioni 5 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Baada ya miaka 5 deni ni takriban bilioni 7; baada ya miaka 10 linakaribia bilioni 10, bila nondo hata moja kuongezwa. (Mikopo halisi huchukuliwa kwa awamu, kwa hiyo makali hupungua kidogo.) Muda wote huo hakuna hata uniti moja ya umeme iliyouzwa. Mtambo wa gesi hununua gesi yake huku ukiuza umeme. Wa nyuklia hudai karibu kila kitu kabla taa ya kwanza haijawaka.

Tazama kinu cha nyuklia cha Flamanville 3, Ufaransa. Ujenzi ulianza 2007 kwa makadirio ya yuro bilioni 3.3, kinu kiliunganishwa na gridi Desemba 2024. Mwaka 2019 msimamizi wa usalama aliamuru maungio 8 ya mabomba ya mvuke yachomelewe upya. Yalikuwa katikati ya kuta mbili za jengo la kinu, mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi, ikabidi zitengenezwe roboti za kupita ndani ya bomba. Ungio ni kazi ndogo, lakini linapokwama, mradi mzima hungoja nalo huku riba ikitembea. Mwaka 2019 EDF, kampuni ya umeme inayomiliki mradi, ilitaja gharama ya bilioni 12.4; mwaka 2020 wakaguzi wa hesabu za serikali walipojumlisha riba na mengineyo, walifika 19.1.

Basi ubunifu si ungeshusha bei? Mwanzoni huipandisha. Kinu cha AP1000 kilibuniwa kiwe chepesi kujenga: pampu chache, maji ya dharura yanayoshuka yenyewe kwa uzito wake, vipande vikubwa vinavyoundwa kiwandani. Huko Vogtle, Marekani, vipande vilichelewa na michoro ikabadilishwa kazi ikiendelea. Westinghouse, waliokibuni, waliomba kinga ya mufilisi mwaka 2017. Vinu viwili vilivyotarajiwa 2016 na 2017 vilianza kazi 2023 na 2024, na gharama ikapanda kutoka bilioni 14 hadi zaidi ya bilioni 30 za dola.

Naamini kwa dhati kwamba dawa ni kurudia mchoro uleule kwa mikono ileile. Wakorea walijenga hivyo vinu vinne vya Barakah, Falme za Kiarabu. Navyo vilichelewa, ila vyote vinne vilikuwa vikizalisha umeme kufikia 2024.

Vinu vidogo vimezaliwa na wazo hilo: mkopo mdogo, ujenzi mfupi, kiwanda kinachotoa nakala nyingi. Ila kinu kidogo nacho kinataka leseni, walinzi na chumba cha udhibiti, na gharama hizo hugawanywa kwa umeme mchache. Mradi wa NuScale uliokusudiwa kuhudumia miji ya Utah uliona bei ya megawati-saa (uniti 1,000 za umeme) ikipanda kutoka dola 58 hadi 89. Kiwanda kilihitaji oda nyingi ili kishushe bei; miji ilingoja bei ishuke ndipo itie saini. Novemba 2023 mradi ukafutwa kwa kukosa wanunuzi wa kutosha.