King'ora kikilia, usingoje kuona moshi

Kazi yangu ni kukagua majengo na kusimamia mazoezi ya kutoka nje wakati wa moto. Kwenye mazoezi hayo siangalii sana mwendo wa watu ngazini. Naangalia wanachofanya kabla hawajainuka kwenye viti. King'ora kinalia, watu wanatazamana. Huyu anamalizia barua pepe, yule anatafuta chaja, mwingine anauliza kama ni kweli au ni majaribio. Wakishafika ngazini hushuka vizuri tu. Muda huwa umeshapotelea mezani.

Muda wenyewe ni mfupi. Chumba chenye makochi ya sponji kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika chache, na moshi hutangulia. Hupanda, hutanda chini ya dari, kisha tabaka lake huteremka hadi usawa wa uso. Moshi huo ndio unaoua wengi kuliko ndimi za moto. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyeivuta huchanganyikiwa kabla hajajua kuwa yumo hatarini. Ndiyo maana tunasisitiza kuinama au kutambaa, maana hewa iliyosalia iko karibu na sakafu. Kitambaa kibichi puani hupunguza masizi tu, gesi hiyo hupita. Ukikutana na moshi mzito, geuka utafute njia nyingine.

Tatizo ni kwamba wengi hawaijui hiyo njia nyingine. Februari 2003, kwenye klabu ya usiku ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti. Watu 100 walikufa. Wengi walikimbilia mlango wa mbele walioingilia, wakabanana pale, ingawa ukumbi ulikuwa na milango mingine. Sidhani walikuwa wajinga. Miguu ya mtu aliyeshtuka hurudi inakokujua. Basi uifundishe miguu mlango wa pili ukiwa bado umetulia. Nikilala hotelini huhesabu milango kutoka chumbani kwangu hadi kwenye ngazi za dharura, kwa sababu moshi ukijaa, kibao cha kijani kinachoonyesha njia ya kutokea hakionekani, ila mkono unaweza kuufuata ukuta.

Ukitoka, funga mlango nyuma yako, lakini usiutie ufunguo. Mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi, na wa ngazini ndio muhimu kuliko yote. Ajabu ni kwamba huikuta mara kwa mara milango hiyo imeachwa wazi, na kilichowekwa kuizuia isijifunge ni mtungi wa kuzimia moto!

Lifti iache. Umeme unaweza kukatika ukiwa ndani, au ikakufungulia kwenye ghorofa inayowaka. Asiyeweza kushuka ngazi apangiwe mapema nani atamsaidia na kwa kifaa gani. Kutafuta wabebaji wakati king'ora kinalia ni kuchelewa.

Kabla ya kufungua mlango wowote uliofungwa, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue. Ziba upenyo wa chini kwa nguo zilizoloweshwa, nenda dirishani, piga simu zimamoto uwaambie ghorofa na chumba ulichomo.

Ukishatoka, nenda mahali pa kukusanyikia uhesabiwe, wala usirudi ndani kufuata simu au mkoba. Wapo wanaopitiliza moja kwa moja nyumbani wakifurahia kuachiwa mapema. Mtu wa namna hiyo jina lake husomwa bila kuitikiwa, na zimamoto huingia kwenye moshi kumtafuta.