Daftari la Katibu: Njia Aliyopitia John Githongo

Mnamo Mei 2004, serikali ya Kenya ilirudishiwa takribani yuro 956,700. Aliyezirudisha hakujitokeza. Pesa zilitumwa kwa jina la Anglo Leasing and Finance, kampuni iliyokuwa na anwani Liverpool, Uingereza, lakini ambayo hakuna aliyeweza kumwonyesha mmiliki wake, kiwanda chake wala wafanyakazi wake. Mwezi mmoja kabla, Mbunge Maoka Maore alikuwa amesimama bungeni na kuuliza kuhusu zabuni ya kutengeneza pasipoti mpya, ambayo kampuni hiyo ilikuwa imepewa. Baada ya swali hilo, mzimu ukalipa deni.

Katika mafunzo tunayowapa maofisa wa umma kuhusu maadili, kisa hiki hatukiachi. Kuna afisa mmoja aliyeona kwamba kurudishwa kwa pesa ndiko kulikokuwa ushahidi wenyewe. Mtu halali aliyeshinda zabuni halali angekwenda mahakamani kudai haki yake. Afisa huyo alikuwa John Githongo, na wakati huo wenzake serikalini walikuwa wakimwambia kwamba kwa kuwa pesa zimerudi, mambo yameisha.

Githongo alizaliwa mwaka 1965. Kabla ya kuingia serikalini alikuwa mwandishi wa makala, kisha akaliongoza tawi la Kenya la Transparency International, shirika la kimataifa linalopinga ufisadi. Januari 2003, wiki chache baada ya Mwai Kibaki na muungano wa NARC kuingia madarakani, aliteuliwa Katibu wa Wizara anayesimamia utawala bora na maadili katika Ofisi ya Rais. Hakuwa amepanda ngazi za utumishi wa umma. Alitoka kwa wakosoaji akawekwa Ikulu, na mlango wa rais ulikuwa wazi kwake. Wakenya wengi waliona uteuzi huo kama hati ya dhamana: kama serikali imemweka huyu ndani, basi inamaanisha inachosema.

Tueleze kwanza mkataba wenyewe ulivyofanya kazi, maana wengi wamelisikia jina la Anglo Leasing bila kuelezwa pesa zilitokaje. Mikataba 18 ilihusika, ya thamani ya takribani dola milioni 770 kwa jumla: pasipoti, maabara ya uchunguzi wa jinai, mawasiliano ya polisi na vitu vingine vya usalama. Iliwekwa chini ya usalama wa taifa, kwa hiyo haikutangazwa kwa ushindani wa kawaida. Wakenya hutania kwamba serikali ni siri kali, na hapa utani ulikuwa utaratibu wa kazi. Kwa pasipoti, kampuni moja ya Ufaransa iliripotiwa kukadiria kazi hiyo kwa takribani yuro milioni 6. Anglo Leasing ikapewa kwa zaidi ya yuro milioni 30.

Ujanja mkubwa, hata hivyo, haukuwa katika bei. Ulikuwa katika kile kilichoitwa mkopo wa muuzaji. Kwenye karatasi, muuzaji anakuja na mtaji wake, anaijengea serikali mradi, kisha serikali inamlipa polepole pamoja na riba. Lakini kabla ya muuzaji kuleta chochote, serikali inalipa ada ya kuthibitisha mkataba. Kwa pasipoti ada hiyo ilikuwa asilimia 3, na ndizo zile yuro 956,700. Juu ya hapo serikali inatia sahihi hati za ahadi ya malipo, na hati hizo zinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine hata kama bidhaa haijafika. Mkopaji ndiye anayemkopesha mkopeshaji, kisha anamlipa riba kwa pesa zake mwenyewe.

Githongo alifanya nini? Kwanza alifanya kile ambacho kanuni zinamtaka afisa afanye: alimweleza mkubwa wake. Alimpasha Rais habari mara kwa mara. Alizungumza na mawaziri. Pamoja na hayo aliandika. Alikuwa na daftari ambamo aliweka tarehe, nani alisema nini, na nani alikuwepo. Baadaye alianza pia kurekodi mazungumzo kwa siri, jambo ambalo wengine walimlaumu kwalo na linalozua mjadala mkali kila ninapolitaja darasani. Kwa maoni yangu, kanda zilimletea sifa nyingi kuliko zilivyostahili, na daftari halikupewa heshima yake. Kanda inanasa sentensi chache tu, nzuri au mbaya. Daftari linaloandikwa siku hiyo hiyo, mwaka mzima, linaonyesha jinsi jambo lilivyokuwa likisogea, na ni vigumu mno kulighushi baada ya tukio.

Kwa afisa aliye katika hali kama hiyo, dalili ya kwanza ya hatari ni nadra kuwa tishio. Mwishoni mwa Juni 2004 ofisi ya Githongo ilihamishwa kutoka Ofisi ya Rais ikapelekwa Wizara ya Haki. Hakufutwa kazi wala kupunguziwa mshahara, ila alisogezwa mbali na mlango wa rais na kuwekwa chini ya waziri. Kelele zilipopigwa, uamuzi ukabatilishwa baada ya siku chache, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Kisha shinikizo likahamia nyumbani. Katika kanda iliyorushwa na BBC mwaka 2006, Githongo alidai kwamba sauti inayosikika ni ya Kiraitu Murungi, aliyekuwa Waziri wa Haki, akizungumzia deni la baba yake Githongo na kuhusisha deni hilo na kasi ya uchunguzi. Murungi alikana kufanya kosa lolote. Iwe tafsiri ya kanda hiyo ni ipi, mtu mwenye deni, au mwenye mzazi mwenye deni, ana mlango ambao wengine wanaweza kuubisha.

Februari 2005, akiwa London, Githongo alijiuzulu. Marekani ikasimamisha dola milioni 2.5 ilizokuwa imetenga kwa vita dhidi ya ufisadi nchini Kenya. Yeye akaenda St Antony's College, Oxford, na kwa miezi kadhaa hakusema mengi hadharani. Ripoti yake kwa Rais Kibaki ina tarehe ya 22 Novemba 2005, siku moja baada ya serikali kushindwa katika kura ya maoni ya katiba. Miezi miwili baadaye, Januari 2006, ikachapishwa na gazeti la Daily Nation. Februari mawaziri wakaanza kuachia nafasi zao, akiwemo David Mwiraria wa Fedha, aliyesema anafanya hivyo ili jina lake lisafishwe. Wabunge wa Kamati ya Uhasibu wa Fedha za Umma walisafiri hadi London kumsikiliza. Mwiraria na Murungi walirudishwa baraza la mawaziri baadaye. Githongo alirudi Kenya mwaka 2008.

Mwaka 2006, mwaka ambao ripoti ya Githongo ilichapishwa, alifariki mfichuzi mwingine, David Munyakei. Huyu alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona malipo yasiyoeleweka yakipita mezani kwake: kampuni ya Goldenberg ilikuwa ikifidiwa asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na almasi na yenye dhahabu haba. Alitoa karatasi, zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa mwaka 1993, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka hayakusimama, lakini kazi haikurudi. Alikufa maskini. Githongo alikuwa na marafiki ng'ambo, jina linalojulikana na chuo cha kumpokea. Munyakei hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ninapoambiwa kwamba ufichuzi ni suala la ujasiri, huwauliza wanafunzi wangu ni yupi kati ya hawa wawili alikuwa jasiri zaidi.

Hata cheo hakikumkinga Githongo hadi mwisho. Chris Murungaru, waziri wa zamani wa usalama wa taifa aliyetajwa katika ripoti ile, alimshtaki kwa kumharibia jina. Mei 2019 Mahakama Kuu iliamuru Githongo amlipe shilingi milioni 27. Nayo serikali, baada ya kushindwa katika kesi za nje, mwaka 2014 ililipa takribani shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni zilizohusishwa na mikataba hiyo, ili madeni hayo yasizuie uuzaji wa hati fungani zake katika soko la kimataifa. Ile karatasi iliyotiwa sahihi ilikuwa imeishi kuliko kashfa yenyewe.

Tangu wakati huo sheria za Kenya zimeongezeka, ingawa ulinzi bado umetawanyika huku na kule. Kifungu cha 236 cha Katiba ya 2010 kinakataza afisa wa umma kuonewa kwa sababu ametekeleza kazi yake kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka anayejua au kushuku kwamba hongo imetolewa aripoti ndani ya saa 24, na inamwadhibu anayemtesa au kumshusha cheo aliyeripoti. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka huo huo inamlinda anayetoa habari kwa manufaa ya umma. Kuna pia Shirika la Kulinda Mashahidi kwa wale ambao maisha yao yako hatarini.

Angalia jinsi vifungu hivi vilivyoandikwa. Vina nguvu zaidi pale taarifa inapopelekwa kwa chombo chenye mamlaka ya kuipokea. Ukiipeleka kwanza kwa umati, kesi ya kuharibiana majina inaweza kukukuta umesimama peke yako. Kwa hiyo andika tarehe, kiasi, namba ya zabuni na majina ya waliokuwepo. Tenganisha ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, ina mfumo wa kupokea taarifa kwa njia ya intaneti bila kujitambulisha, na unafungua sanduku la ujumbe ambalo wachunguzi watakuulizia maswali humo. Rudi kulifungua, kwa sababu taarifa nyingi hufia pale swali la pili linapokosa jibu. Na usitumie kompyuta ya ofisi.