Kabla hujapiga kiki

Pikipiki iliyolala miaka kwenye kona ikitolewa nje, kila mtu hutaka apige kiki aone kama itanguruma. Mimi nikiletewa ya namna hiyo, kwanza namwomba mwenyewe ashushe mguu. Oili iliyokuwa ikilainisha silinda ilishachuruzika zamani, na ringi za pistoni huenda zimeshika kutu. Kiki moja ya nguvu yaweza kuikwaruza silinda, na kazi ya kusafisha ikageuka kuwa kazi ya kuchonga silinda.

Toa plagi, mimina kijiko cha oili safi kwenye tundu lake, uiache ilale usiku kucha. Kesho yake tia gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma, ulizungushe polepole kwa mkono. Pistoni ikipanda na kushuka bila kukwama, shukuru. Ikigoma, ongeza oili na siku. Huku ukisubiri, mwaga oili ya zamani, kagua chujio la hewa (panya hupenda sana kuzalia humo) na uchungulie ekzosi, maana nyigu huiziba kwa udongo.

Sasa twende kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, maana ndiyo inayozifanya nyingi zionekane zimekufa. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, huyeyuka zikaenda zake. Kinachobaki ni utomvu wa kahawia unaonuka kama vanishi. Fungua bakuli la chini, utoe jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupitishia petroli), ile inayoilisha injini wakati hujavuta mafuta. Tundu lake kwenye pikipiki nyingi ndogo halifiki hata nusu milimita. Linyanyue kwenye mwanga: unatakiwa uone kiduara cha nuru kisicho na kasoro. Ukiona kama mwezi mwandamo, bado chafu. Loweka kwenye dawa ya kabureta, kisha ulipulize kwa upepo wa kompresa. Waya wa chuma weka mbali. Jeti ni ya shaba, ukilipanua tundu injini itakunywa mafuta kupita kiasi na hakuna skrubu ya kurekebisha hapo. Pikipiki inayowaka choki (kibao cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) ikiwa imevutwa tu, ukiirudisha inazima, karibu kila mara ni jeti hii.

Usiifunge kabureta safi chini ya tangi lenye kutu, utairudia kazi yote. Siki ikilala humo siku moja au mbili huila kutu ya kawaida. Suuza, ukaushe papo hapo, la sivyo inarudi.

Betri ya volti 12 iliyochajiwa ikatulia inapaswa kusoma kama 12.6. Isipovuka 10.5 baada ya kuchajiwa, nunua nyingine. Cheche jaribu kwa kuigusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo hushika moto.

Ikishawaka, usikimbilie barabarani. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yamwage yote, hata kama rangi bado inavutia. Na tairi zisikudanganye kwa kashata nzima. Ubavuni kuna namba nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa: 0912 ni wiki ya 9 ya mwaka 2012, na tairi hiyo imezeeka, ing'oe.