Tozo ya foleni: kwanza waionje, ndipo wapige kura

Kwa sisi tunaopanga usafiri wa mijini, hesabu ya tozo ya foleni, yaani ada anayolipa dereva kwa kuingia katikati ya jiji saa za msongamano, si ngumu. Barabara za katikati ya jiji zikiwa bure saa za asubuhi, kila dereva anamchelewesha mwenzake na hakuna anayelipia. Ukitoza, baadhi watabadili saa, njia au chombo, na wakipungua hata wachache tu magari huanza kutembea. Kinachotutoa jasho ni siasa.

Anayeumia anajijua, anayefaidika hajijui. Mwenye gari anajua atalipa tangu siku mpango unapotangazwa. Abiria wa basi atakayefika kazini mapema mwakani hana habari, wala haandamani. Ukiitisha kura ya maoni wakati huo, unahesabu hofu tu.

Edinburgh, huko Uskoti, iliuliza kwanza, mwaka 2005, na karibu robo tatu ya wapiga kura wakakataa. Manchester nayo ikauliza mwaka 2008 ikaambulia "hapana" ya karibu asilimia 79. Stockholm ikapindua utaratibu. Ilianza majaribio Januari 2006, na magari yanayoingia na kutoka eneo la tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Mwisho wa Julai tozo ikasitishwa, magari yakaongezeka tena, na Septemba wakazi wakapiga kura wakiwa wameona hali zote mbili. Waliokubali walishinda kwa tofauti ndogo, katika jiji ambalo kabla ya majaribio wengi walipinga. Hakuna kipeperushi ambacho kingefanya kazi hiyo. (Manispaa kadhaa za jirani ziliitisha kura zao, na jumla ya kura huko ikawa ya kukataa. Nani ana haki ya kuulizwa, mkazi au anayepita? Bado tunabishana.)

Hata hivyo kuonja peke yake hakutoshi. Gothenburg, jiji jingine la Sweden kama Stockholm, ilianza kutoza mwaka 2013, na mwaka uliofuata asilimia 57 wakaikataa tozo. Ikabaki vilevile, maana kura ilikuwa ya ushauri tu na fedha zilikwishaahidiwa miradi mikubwa ya usafiri. Kwangu huko ni kuwauliza watu jambo lililokwishaamuliwa, afadhali wasingeulizwa.

New York ilikwama kwenye kalenda. Juni 2024, wiki chache kabla ya kuanza, na uchaguzi wa Novemba ukikaribia, Gavana Kathy Hochul aliisimamisha tozo ya dola 15. Uchaguzi ulipopita akairudisha kwa dola 9, ikaanza Januari 2025.

Kwa hiyo meya akiniomba ushauri, kabla ya bei na kamera za kusoma namba za magari namuuliza uchaguzi ujao ni lini. Ken Livingstone aliiweka tozo kwenye ahadi zake za kampeni ya umeya wa London mwaka 2000, akaongeza mabasi, kisha akaanza kutoza pauni 5 Februari 2003. Alipogombea tena Juni 2004, wapiga kura walikuwa wameishi na tozo hiyo zaidi ya mwaka mmoja. Alishinda.