Sindano ya kuzuia damu kuganda inapowasha ngozi

Swali: Najidunga enoksaparini tumboni. Wiki ya kwanza ilipita vizuri, sasa panawasha na pamevimba. Mbona mzio umechelewa hivi?

Jibu: Kinga ya mwili huchukua muda kuitambua dawa na kuandaa seli za kuishambulia. Kwa hiyo dalili mara nyingi huanza siku ya 7 hadi ya 10. Aliyewahi kuitumia zamani huweza kuanza mapema, siku ya 1 hadi ya 3. Papase hapo. Damu iliyovilia baada ya sindano huacha doa lisilowasha, nalo hufifia lenyewe. Mzio huwasha, huinuka, huwa mgumu kidogo na hutanuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, kwa hiyo vidole vitakuambia mengi kuliko macho.

Swali: Niache kudunga?

Jibu: Usiache kabla hujaongea na daktari, tafadhali. Bonge la damu likifika kwenye mapafu huweza kuua. Mwone siku hiyohiyo, na uombe upimwe chembe sahani za damu, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Heparini, kundi la dawa ambalo enoksaparini imo, huweza pia kuchochea kinga ikazishusha chembe hizo huku damu ikiganda ovyo, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 10. Ngozi ikianza kufa na kuwa nyeusi, mguu ukivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura.

Swali: Nikibadilishiwa heparini nyingine?

Jibu: Mara nyingi utawashwa tena. Dalteparini, nadroparini na heparini ya kawaida ni ndugu: kwa kawaida hutokana na utumbo wa nguruwe, na kinga huzichanganya. Fondaparinuksi, sindano nyingine ya kuzuia damu kuganda, hutengenezwa maabara na molekuli yake ni fupi, hivyo wengi huivumilia, japo si wote, na haifai kwa mwenye figo dhaifu sana. Vidonge vya rivaroksabani au apiksabani havina undugu na heparini, ila mjamzito hapewi. Warfarini, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, nayo huweza kumdhuru mtoto tumboni, ndiyo maana wajawazito wanahitaji daktari bingwa mapema.

Swali: Nikihitaji upasuaji wa moyo siku moja?

Jibu: Wengi wenye mzio huu wa ngozi huvumilia heparini ikipitishwa kwenye mshipa, mradi imethibitishwa kwamba chembe sahani hazikushuka. Kwa hiyo "ana mzio wa heparini" pekee haitoshi kwenye faili. Hakikisha limeandikwa jina la dawa, siku dalili zilipoanza na majibu ya chembe sahani, na upige picha ya ngozi kabla haijapona.