Je, wajua kwa nini sekunde tatu za kimya hubadilisha darasa?

Mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida humpa mwanafunzi sekunde moja tu ya kufikiri. Ikipita hiyo, humtaja mwingine, au huligeuza swali kwa maneno mengine, au hulijibu mwenyewe na kusonga mbele. Mwambie mwalimu yeyote jambo hili, atakubali kwamba ni kweli kwa wenzake. Yeye hudhani husubiri.

Aliyelipima ni Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika na ufundishaji wa sayansi kwa watoto wa shule za msingi. Kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikusanya mamia ya kanda za sauti zilizorekodiwa madarasani, kisha akasikiliza kile ambacho wengi hukiruka: vipande visivyo na sauti. Alipima kimya cha aina mbili, kile kinachofuata swali la mwalimu na kile kinachofuata jibu la mwanafunzi. Vyote viwili vilikuwa na wastani wa sekunde moja hivi. Maswali yalimiminika moja baada ya jingine, na majibu yalikuwa mafupi.

Katika kanda hizo kulikuwa na chache za ajabu. Watoto walikisia, walisema "labda ni kwa sababu", waliwapinga wenzao na kuwajibu wao kwa wao bila kupitia kwa mwalimu. Kilichozitofautisha ni kwamba walimu wake walinyamaza kwa muda mrefu zaidi, wastani wa sekunde tatu. Rowe akaanza kuwazoeza walimu wengine kusubiri hivyo hivyo. Majibu yakarefuka mara kadhaa. Waliochangia bila kutajwa wakaongezeka, waliobaki wameduwaa wakapungua, na wanafunzi wakaanza kutoa sababu za majibu yao na kuuliza maswali yao wenyewe. Hata walimu walibadilika: waliuliza maswali machache zaidi, ila yenye uzito.

Kwangu mimi, hakuna mbinu nyingine ya darasani isiyogharimu hata senti inayofanya kazi kubwa kiasi hiki. Basi kwa nini ni ngumu?

Sehemu ya jibu iko nje ya shule. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mazungumzo ya kawaida katika lugha kumi kutoka pande mbalimbali za dunia. Walipima muda unaopita kati ya swali na jibu, wakakuta ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Lugha zilitofautiana, lakini kidogo tu: wasemaji wa Kijapani walijibu karibu papo hapo, na wa Kidenmark, waliokuwa wa mwisho, walichukua karibu nusu sekunde. Maana yake ni kwamba sikio la binadamu limezoea zamu zinazofuatana bila pengo. Katika maongezi, kimya cha sekunde nzima tayari kina ujumbe: mtu hajasikia, amekasirika, au hataki. Mwalimu anayenyamaza sekunde tatu anakwenda kinyume na mazoea aliyokua nayo tangu utotoni, na darasa zima linahisi kwamba kuna kitu kimeharibika.

Ila swali la darasani si maongezi ya barazani. Hata kutaja jina la kitu unachokijua vizuri ukionyeshwa picha yake huchukua zaidi ya nusu sekunde. Tunamudu kujibizana upesi kwa kuwa tunaanza kuandaa jibu kabla mwenzetu hajamaliza kusema. Mtoto aliyeulizwa kwa nini barafu huelea juu ya maji hana nafasi hiyo. Inabidi aelewe swali, apekue kumbukumbu, aunganishe anachokijua, achague maneno, kisha aamue kama yuko tayari kuchekwa endapo atakosea. Hatua hii ya mwisho watu huisahau, na pengine ndiyo inayokula muda kuliko zote.

Hapo ndipo suala la nani anaachwa nje linapoanza. Fikiria mwanafunzi anayefundishwa kwa lugha asiyoitumia nyumbani: swali analitafsiri likiingia, jibu analitafsiri likitoka. Fikiria kiziwi anayemtazama mkalimani wa lugha ya alama. Mkalimani lazima asikie kwanza ndipo afasiri, kwa hiyo swali humfikia mwanafunzi huyo wakati vidole vya wenzake viko juu na pengine mmoja ameshatajwa. Yuko mwenye kigugumizi, na yuko yule mwangalifu ambaye hapendi kusema kitu asichokihakiki. Hakuna kati yao aliyepungukiwa akili. Tunapozungumzia elimu jumuishi mawazo hukimbilia njia za viti vya magurudumu na vitabu vya nukta nundu, na ni sahihi, vinahitajika. Lakini mwendo wa mazungumzo nao huwafungia watu nje, tena wakiwa wamekaa ndani ya darasa.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba hata ile sekunde moja haigawiwi sawa. Rowe aliwaomba walimu wataje wanafunzi wao watano walio bora na watano walio dhaifu, kisha akarudi kwenye vipimo. Waliohesabiwa kuwa bora walisubiriwa karibu sekunde mbili. Waliohesabiwa dhaifu hawakufikisha hata sekunde moja. Aliyehitaji muda zaidi ndiye aliyepewa kidogo. Siamini kwamba walimu wale walikuwa na nia mbaya. Mara nyingi ni huruma: mtoto amekwama, wenzake wanamtazama, mwalimu anamwokoa kwa kumpa zamu mwingine. Uokozi huo ukirudiwa mwaka mzima, mtoto anajifunza kwamba akitulia kidogo tu swali litampita. Walimu waliozoea kusubiri walianza kusikia michango kutoka kwa wale wasiowatarajia, na matarajio yao kwao yakapanda.

Kimya cha pili, kile kinachofuata jibu, huzungumzwa kidogo, nami naona kina nguvu hata kuliko cha kwanza. Mwanafunzi akijibu, wengi wetu hudakia papo hapo: "Vizuri sana!" Au tunarudia jibu lake neno kwa neno ili wote wasikie. Vyote viwili hufunga mjadala. Sifa ya haraka inawaambia wengine kwamba jibu limeshapatikana, washushe vidole. Kurudia jibu kunawafundisha wasimsikilize mwenzao, maana mwalimu atalisema tena kwa sauti kubwa zaidi. Ukinyamaza sekunde tatu baada ya jibu, mara nyingi aliyesema huendelea mwenyewe na kuongeza "kwa sababu". Asipoendelea yeye, jirani yake hudakia. Rowe aligundua pia kwamba palipo na sifa nyingi za papo kwa papo, watoto huukagua uso wa mwalimu kutafuta kibali badala ya kulikagua jambo lenyewe. Hakuna anayesema msisifu. Sifa inaweza kungoja hadi mawazo mawili matatu yamesikika.

Walimu waliojaribu wana mbinu zao za kuvumilia. Wapo wanaohesabu kimoyomoyo, wapo wanaoliandika swali ubaoni ili mikono yao iwe na kazi. Kilicho muhimu ni mpangilio: swali kwanza, kimya, kisha jina. Ukianza na jina, darasa zima isipokuwa mmoja limepewa likizo. Vidole navyo visubiri. Kidole cha kwanza kikishapanda, wanaofikiri polepole wanaona mbio zimekwisha na wanaacha kufikiri, hivyo wengine huamua kabisa kwamba mikono haiinuki mpaka mwalimu aruhusu. Penye mkalimani, hesabu huanza mikono yake inapotua, si mdomo wa mwalimu unapofunga. Mwenye kigugumizi usimmalizie neno, na mkubaliane naye mapema, faraghani, jinsi anavyopenda kujibu.

Mwaka 1981 Frank Lyman, naye wa Marekani, alieleza utaratibu ambao sasa umeenea karibu kila mahali: kila mmoja afikiri peke yake, ajadiliane na mwenzake, kisha washirikishe darasa. Ni njia nzuri ya kukipa kile kimya shughuli, na mtoto anayeogopa kusema mbele ya wengi huwa ameshalijaribu jibu lake mbele ya mmoja. Lakini hatua ya kwanza huibwa. Mwalimu husema "fikirini", na kabla hawajavuta pumzi anaongeza "haya, geukianeni." Matokeo yake mwepesi huongea, mwenzake hutikisa kichwa, na kinachoitwa ushirikiano ni mtu mmoja kuhutubia mmoja. Kuandika mistari miwili daftarini kabla ya kugeukiana huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Kusubiri kuna mipaka yake. Saba mara nane haihitaji sekunde tano, mtu anaikumbuka au haikumbuki. Swali ambalo hakuna aliyewahi kufundishwa chochote kulihusu halitapata jibu hata likingojewa hadi kengele ilie. Sekunde kumi zikipita na nyuso bado zimetanda wingu, livunje swali vipande au waachie wajadiliane wawili wawili.

Anayetaka kujua anasubiri kwa muda gani aweke simu mezani irekodi kipindi kimoja, kisha asikilize peke yake akiwa na saa yenye mkono wa sekunde.

Jambo moja hupaswa kutarajiwa: watakaolalamika kwanza ni wanafunzi wepesi. Wamezoea kuwa na jibu kabla ya kila mtu na kupongezwa kwa hilo, na ghafla kasi yao hailipi. Ni vema darasa zima lielezwe sababu ya kimya hicho, la sivyo watoto hudhani mwalimu anawatega au amesahau anachofundisha. Na mwepesi apewe kazi ndani ya zile sekunde: atafute jibu la pili, au mfano unaolipinga lile la kwanza.